Samadi Haipungui kwa Moto

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua, kubwa hata ikabebwa na watu wawili. Nikaifungua mbele yenu. Ndani kulikuwa na jiko jipya na mtungi wa gesi, ile gesi inayoletwa na meli. Mimi, niliyezeeka nikichimba mashimo nyuma ya mazizi ya watu ili mlima huu upunguze kutegemea mafuta ya meli, nikasimama pale mdomo wazi, na ninyi mkapiga makofi mkidhani nimezidiwa na furaha. Nilishukuru kwa sababu nimelelewa. Lakini nilipofika nyumbani Machame niliuweka mtungi ule sebuleni, nikautazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyesema anaondoka lini, na ndipo nilipoamua kuwaandikia haya. Inaelekea hakuna aliyewaambia kazi hii ilianzaje.

Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye mafaili. Anayezitaka akawaulize watu wa utawala, nao watamwambia faili halionekani. Mimi nitaandika yale yaliyonishtua, maana kazi hii ilinishtua tangu siku ya kwanza na haikuacha.

Niliajiriwa katikati ya miaka ya themanini, wakati mafuta ya taa yalipokuwa yanapangiwa foleni na debe la dizeli lilikuwa na heshima kuliko diwani. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana peke yangu kwenye darasa la uashi. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili mjini Moshi, karibu na stesheni ya reli, na mkuu wetu alikuwa mhandisi mwembamba aliyependa kuuliza maswali ambayo jibu analo tayari. Siku ya kwanza aliweka koroboi mezani asubuhi kweupe, akaiwasha, akaniuliza, "Manka, moto huu umetoka wapi?"

Nikamwambia umetoka dukani.

"Na dukani umetoka wapi?"

Akanirudisha nyuma hatua kwa hatua, kutoka dukani hadi kwenye pipa, kutoka kwenye pipa hadi behewa la treni, bandarini, melini, mpaka nchi za watu. Kisha akasema, "Na meli haiji kwa mapenzi. Nchi inauza kahawa inapata fedha za kigeni, na fedha hizo zinanunua mafuta. Kahawa anayochuma mama yako ndiyo inayonunua moshi huu." Alikuwa ananyoosha kidole juu, ambako dari lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Nilishtuka kweli. Nilimkumbuka mama mgongo umeinama kwenye mibuni, na dari la jikoni kwetu lilivyokuwa limejaa masizi, na sikuwahi hata siku moja kuviunganisha vitu hivyo viwili. Koroboi ile ilizimwa, lakini mimi sikurudi kuwa nilivyokuwa.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Fundi Rajabu, mwashi wa mtaa wa Majengo aliyekuwa amejenga tanuri nyingi za mikate mjini kabla ya kuletwa kwetu. Aliponiona mara ya kwanza aliuliza, "Wewe ndiye fundi, au umemletea fundi chakula?" Nikamjibu kwamba nimekuja kula cha kwake. Tukaelewana siku hiyohiyo. Alikuwa mkali wa mdomo, mvivu wa kuamka, na asiyekubali hata kidogo kwamba mtu anaweza kuchanganya saruji vizuri bila kuimba. Kwa wale kati yenu ambao mmeona mitambo kwenye picha tu, mtambo wa gesi ya samadi ni chungu kikubwa cha matofali kilichozikwa ardhini, kimefunikwa kwa kuba. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na maji kwenye shimo dogo la juu, ndoo kwa ndoo, hushuka kwenye chungu, inachacha, gesi inapanda kwenye kuba na kufuata bomba hadi jikoni, na tope lililokwisha kutoa gesi linasukumwa nje upande wa pili, tayari kwa migomba. Hakuna mashine hapo. Tumbo la ng'ombe linafanya nusu ya kazi na tumbo la udongo linamalizia.

Kuba ndipo ufundi ulipo. Fundi Rajabu alichomeka kigingi katikati ya shimo, akafunga ufito, na kila tofali lilipimwa kwa ncha ya ufito ule kabla ya kukaa. Kabla ya kupiga lipu aliniingiza ndani, akafunika mdomo wa kuba kwa gunia, akaniuliza kutoka juu kama naona nyota. Ukiona tundu la mwanga, hata la ukubwa wa pini, hiyo ni nyota, na kuba lenye nyota halishiki gesi. Nilikaa gizani nikizihesabu na kuzionyesha kwa kidole, yeye akiziziba. Ninyi siku hizi mna matangi ya plastiki. Sawa. Lakini anayejenga kwa matofali na hajawahi kukaa ndani ya giza la kuba lake, huyo hajamaliza kazi.

Mtambo wa kwanza niliouona ukiwaka ulikuwa karibu na Bomang'ombe, nyumbani kwa mwalimu mstaafu. Nilijua gesi itatoka, nilikuwa nimeisoma. Hata hivyo mwalimu alipopeleka njiti na moto wa buluu ukasimama kwenye jiko, bila moshi, bila harufu, nilirudi nyuma nikakanyaga mguu wa Fundi Rajabu. Mama mkwe wa mwalimu alikataa chai iliyochemshwa hapo. Alisema hajafikia umri wa kunywa chai ya chooni. Nikajifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote: usibishane na bibi kuhusu usafi. Kunywa chai yako taratibu mbele yake, halafu omba sukari kidogo. Alikunywa kikombe cha pili kabla hatujaaga.

Tulijenga mitambo mingi miaka ile, kwa sababu watu walikuwa na dhiki. Kisha soko huria likaja. Maduka yakajaa, vituo vya mafuta vikaota barabarani, na mafuta ya taa yakawa yanauzwa kila kona na mtu yeyote mwenye pipa na bomba la mpira. Wakati huohuo bei ya kahawa ilianguka hadi watu wakaanza kung'oa mibuni. Mngedhani watu wangeng'ang'ania gesi ya bure. Nilipita kukagua mitambo yetu upande wa Hai nikakuta kuku ametaga kwenye shimo la kuchanganyia, na kwingine bomba limegeuzwa kamba ya kuanikia nguo. Nikamuuliza mama mwenye nyumba kulikoni. Akaniambia bila aibu, "Fundi, mafuta si yapo sasa? Mambo ya kukoroga mavi kila asubuhi ya nini?" Nilikaa kwenye jiwe. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba adui yetu ni uhaba. Kumbe uhaba ndio uliokuwa rafiki yetu, na ulikuwa umeondoka bila kuaga.

Wakubwa nao waliona. Mkuu wetu akatuambia kwamba ofisi itapewa nafasi moja ya mwisho, upande wa Rombo, ambako hatukuwa tumejenga kitu. Tuchague nyumba moja ya mfano juu ya mji wa Mkuu, mgeni kutoka Dar atakuja kuiona, na ikifanya kazi tutaendelea. Nyumba iliyochaguliwa ilikuwa ya Mama Gaudensi.

Mama Gaudensi alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho mekundu. Mume wake alifanya kazi bandarini Tanga na alionekana nyumbani wakati wa Krismasi, kama wanaume wengi wa kule. Macho yale yalikuwa yameharibiwa na moshi. Msitu ulikuwa umefungwa, kuni kavu zilikuwa adimu, basi alipikia kuni mbichi jikoni na jioni aliwasha koroboi, na macho yakawa yanatiririka mchana kutwa. Hospitali walimwambia akiendelea na moshi atapofuka. Hawakumwambia akapikie wapi. Aliponieleza haya alikuwa anacheka, lakini alikuwa ameshika kanga machoni. "Fundi," aliniambia, "mimi sitaki taa ya maonyesho. Nataka kumwona mwanangu akiwa padre, kama atakuwa."

Fomu yetu iliuliza idadi ya ng'ombe zizini. Alikuwa nao wawili, Rozi, ng'ombe mkubwa mwenye paji jeupe, na mtamba wake. Akajibu wawili, nami nikaandika wawili. Lilikuwa jibu la kweli. Fomu haikuuliza ng'ombe ni wa nani, na kwetu sisi Wachagga hilo si swali la kuuliza. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote nyumbani kwake. Huwagawa kwa jamaa wawafugie, mmoja huku, wawili kule, ili wasife wote kwa ugonjwa mmoja na ili jirani asijue utajiri wake. Anayefuga hupata maziwa na samadi. Ndama na nyama ni vya mwenye ng'ombe. Makubaliano hayo hayaandikwi wala hayatangazwi, na kumuuliza mtu kama ng'ombe aliye zizini ni wake ni sawa na kumfunua nguo. Wote tuliokuwa ofisini tulilijua hilo tangu utoto, isipokuwa Fundi Rajabu, na ndiyo maana hakuna aliyeuliza.

Tukajenga. Samadi ya Rozi ilikuwa nzuri, maana Mama Gaudensi alimlisha kuliko alivyojilisha mwenyewe. Moto ulipowaka alisimama mbele ya jiko kwa muda mrefu bila kufanya lolote. Baadaye akaniambia alikuwa anangoja macho yaanze kuuma, na hayakuuma.

Siku ya mgeni wa Dar uwanja ulijaa. Wanawake walikuja na vitambaa vya kanisani, wazee walikaa kwenye viti, na nyuma kabisa alisimama Mzee Inyasi, baba mdogo wa mume wa Mama Gaudensi, ambaye kule walimwita Meku kwa heshima ya uzee wake. Alikuwa na duka pale Mkuu, na nje ya duka pipa la mafuta ya taa. Mgeni akanywa chai iliyochemshwa kwa gesi, akasifu, akatoa hotuba kuhusu nchi kujitegemea kwa nishati. Mwisho akamgeukia mwenyeji, akasema, "Na nampongeza mama huyu kwa ng'ombe wake wawili wazuri."

Wazee wawili watatu wakamtupia Meku jicho. Wanawake wakatazama chini. Mama Gaudensi alifungua mdomo, akaufunga. Fundi Rajabu akaninong'oneza, "Kuna kitu kimevunjika hapa, na wala si kikombe." Nami nilikuwa nimekwisha kuelewa. Ng'ombe walikuwa wa Meku. Kama Mama Gaudensi angesema si wake, angefichua mali ya baba mkwe wake mbele ya serikali na kijiji kizima. Kwa kunyamaza, alikuwa amejitwalia ng'ombe wa mtu hadharani. Hapakuwa na njia ya tatu. Meku alivaa kofia yake akaondoka kabla ya makofi.

Baadaye wiki hiyo akatuma ujumbe kwamba anawataka ng'ombe wake. Mama Gaudensi, ambaye sikudhani ana ujasiri huo, akaomba ukoo usikilize.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya misa, uani kwa mwenyekiti wa ukoo, kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ikizunguka. Niliitwa kama shahidi. Walizungumza Kiswahili kwa ajili yangu, kwa kuwa Kichagga cha Rombo na cha kwetu Machame ni ndugu wasiosalimiana. Mama Gaudensi alikaa na wanawake, amejifunika kanga. Mkwe hajibizani na baba mkwe mbele za watu, kwa hiyo maneno yake aliyapitisha kwa jirani yake, Mama Kristina, aliyekuwa na sauti ya kuongoza kwaya.

Nilitarajia Meku atazungumzia yale maneno ya mgeni. Hakuyagusa. Yule mzee alisimama na fimbo yake akasema jambo ambalo sikuwahi kuliwaza katika miaka yangu yote ya kazi.

"Mke wa mwanangu nilimpa ng'ombe amfuge. Tulisema maziwa ni yake, samadi ni yake. Ndama wangu, nyama yangu. Moto hatukuuzungumza. Sasa ng'ombe wangu anatoa moto. Nauliza, moto ni wa nani?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilitazama huku na huku nikingoja mtu acheke. Hakucheka mtu.

Mama Kristina akasimama. "Mke wenu anasema, moto unatoka kwenye samadi. Na samadi ni yake."

"Sawasawa," wakasema upande wa wanawake.

Mwenyekiti wa ukoo akanigeukia. Alikuwa mzee mpole, mwenye jicho moja lenye ukungu. "Fundi, wewe ndiye unayejua. Moto ukishatoka, samadi inapungua?"

Jamani. Hilo ndilo somo nililokuwa nalifundisha kila kijiji kwa zaidi ya miaka kumi. Wakulima wetu wanaogopa kwamba gesi itakula mbolea ya migomba, na kazi yangu yote ilikuwa kuwatoa hofu hiyo. Nikasimama, nikajibu kwa fahari, vilevile ninavyojibu siku zote. Nikasema haipungui hata kidogo. Samadi inaingia kwenye mtambo, moto unatoka, na samadi inabaki nzima, tena nzuri zaidi, isiyounguza mizizi. Nilipokaa nikamwona Meku anatabasamu. Mdomo huponza kichwa, ila safari hii ulikuwa mdomo wangu na kichwa cha mwingine.

Wazee walinong'onezana. Kisha mwenyekiti akasema polepole, "Tumemsikia fundi. Samadi ni ya mke wetu, nayo inabaki yote, hakuna anayemnyang'anya. Basi moto si samadi. Moto ni kitu ambacho ng'ombe amekizaa juu ya samadi, na anachokizaa ng'ombe ni cha mwenye ng'ombe. Ukoo unasema moto huu ni kama ndama."

Meku akasema, "Siwezi kuubeba moto kwenda nao nyumbani. Basi nitambeba ng'ombe."

Niliduwaa. Nimesikiliza hoja nyingi dhidi ya mitambo yetu: inanuka, italipuka, inaleta nzi, itakausha maziwa. Lakini kushindwa kwa kuaminiwa, hilo lilikuwa geni kwangu. Walikuwa wameniamini neno kwa neno, na neno hilo ndilo lililomnyang'anya mama yule ng'ombe. Jioni ile Rozi na mtamba wake wakashushwa kwenda kwa Meku. Mama Gaudensi mwenyewe ndiye aliyemshika Rozi kamba hadi njia panda, kwa sababu Rozi aligoma kufuata wengine. Alirudi peke yake, akaingia jikoni. Nilirudi Moshi nikiwa na hasira na Meku, na ukoo, na mgeni wa Dar na adabu yake ya mjini. Nililia ndani ya gari la ofisi, dereva akajifanya anatafuta stesheni ya redio.

Ofisi haikulia. Mtambo usiolishwa hufa, na vifaa vilikuwa adimu. Mvua za vuli zilipokwisha mkuu wetu akatuagiza mimi na Fundi Rajabu twende tukafungue jiko, taa na bomba, vipelekwe penye ng'ombe. Nilifanya kazi miaka mingi baada ya safari hiyo, lakini kalamu yangu itaishia hapo, kwa sababu sijawahi kushtuka tena namna ile.

Tulifika asubuhi. Spana ilikuwa mkononi mwangu kabisa. Zizi lilikuwa tupu, limefagiwa, hata harufu ya ng'ombe imekwisha. Nikabisha hodi jikoni, nikaingia, na pale kwenye jiko la gesi kilikuwa kimetulia chungu cha kiburu, ndizi na maharage vinatokota, chini yake moto wa buluu umesimama imara. Fundi Rajabu alitazama jiko, akatoka nje akatazama zizi, akarudi akatazama jiko. Akasema, "Astaghafirullah." 

"Karibuni," alisema Mama Gaudensi. Macho yake yalikuwa meupe safi, wekundu umekwisha. "Mmekuja kuchukua jiko? Ngojeni kwanza ndizi ziive, hamwezi kuondoka na njaa."

"Mama Gaudensi," nikasema, "huu moto umetoka wapi?"

Nilijisikia nauliza swali la siku yangu ya kwanza kazini.

Alitupatia vigoda, akatueleza huku akikoroga. Siku ya pili baada ya kikao alikwenda kwa Mama Kristina akamwambia, "Wewe ulikuwepo. Wazee wamehukumu kwamba samadi haipungui kwa moto. Naomba uniazime samadi ya ng'ombe wako. Jioni njoo uichukue yote." Sasa ninyi mliozaliwa mjini hamjui uzito wa ombi hilo. Kwenye mlima huu mtu atakuazima chumvi, shoka, hata mtoto wa kumtuma dukani, lakini samadi hapana. Samadi ndiyo kihamba, shamba la ukoo, ndiyo migomba ya baba na babu. Ningemwomba Mama Kristina samadi miaka kumi na mafunzo yangu yote na vipeperushi vya rangi, asingenipa hata kiganja. Lakini hii haikuwa mafunzo ya fundi kutoka mjini. Ilikuwa hukumu ya ukoo, imetolewa Jumapili mbele ya mbege, na aliyeipigania ni Meku mwenyewe. Nani angebisha kwamba samadi inapungua?

Mama Kristina akaleta ndoo moja. Ikachanganywa na maji, ikaingia, na upande wa pili zikatoka ndoo mbili za tope. Akazibeba zote mbili kwa safari mbili, akamwaga kwenye migomba, akaanza kuwasimulia wenzake jinsi machipukizi yalivyochomoza. Wiki haikuisha akaja mwingine. Sasa walikuwa wanakuja kwa zamu, kila mmoja na ndoo yake na sufuria yake. Wanakoroga, wanachemsha maharage au maji ya kuogea watoto, wanaondoka na tope lao. Mama Gaudensi hakuhitaji ng'ombe zizini. Alikuwa ameazimwa samadi ya mtaa mzima.

"Na mafuta ya taa?" nikauliza.

"Ya Meku?" Alitabasamu. "Kwake siku hizi nanunua kiberiti tu."

Fundi Rajabu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa bado nimeshika spana, sijui niiweke wapi. Nilikuwa nimezunguka mlima mzima nikihubiri mtambo mmoja, nyumba moja, ng'ombe wawili, na mwanamke aliyenyang'anywa ng'ombe wote wawili alikuwa amewasha jiko la mtaa.

Ndipo aliposikika mtu anakohoa uani kutaka kuingia. Mama Gaudensi akasimama haraka, akajifunga kanga vizuri, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

Alikuwa Bibi Leokadia, mke wa Meku. Mzee sana, mwembamba, macho yake mekundu kama yalivyokuwa ya mwenyeji wetu siku ya kwanza. Kichwani alikuwa na ndoo iliyofunikwa kwa jani la mgomba, na mkononi chupa ya chai. Tukamwamkia, akatuitikia, akaishusha ndoo taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Mama Gaudensi alifunua jani akatazama ndani. Alitazama kwa muda, kisha akainama zaidi.

"Huyu ni Rozi," alisema.

"Ni yeye. Tangu arudi anakula vibaya."

"Mnampa majani mabichi mno, mama. Yaanikeni kwanza."

"Nitamwambia."

 Mimi nilishindwa kuvumilia, tabia yangu mnaijua. Nikauliza, "Bibi, lakini nyumbani kwako si kuna pipa zima la mafuta?"

Bibi Leokadia alinitazama kama mtoto aliyeuliza kitu cha kanisani. "Mafuta ni ya duka, mwanangu. Mimi napikia kuni mbichi huu mwaka wa arobaini."

"Na Meku anajua umekuja huku?" akauliza Fundi Rajabu.

"Mzee ameniagiza chai," alisema yule bibi. "Hakuniambia niichemshie wapi."

Mama Gaudensi hakucheka. Alibeba ile ndoo mwenyewe hadi kwenye shimo, akaikoroga kwa mkono, taratibu, bila kuacha donge. Akanawa. Akaondoa chungu cha kiburu, akabandika maji, majani na maziwa, akasimama mbele ya moto mpaka chai ikapanda. Akaijaza kwenye chupa, akafunga kifuniko, akaifuta kwa kanga yake. Kisha akampa mama mkwe wake kwa mikono miwili, akasema:

"Mpelekee baba ndama wake."